Deskitopu kwenye seva: iweke, lakini isiwake yenyewe

Mafundi wengi wa seva humcheka mtu anayetaka kipanya na madirisha kwenye Ubuntu Server, mfumo wa Linux wa seva usiokuja na deskitopu. Mimi sicheki. Nahudumia mashine za ofisi ndogo na maduka, na nikishaondoka anayebaki na seva ni mhasibu au karani. Huyo ukimwachia skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa, siku umeme ukikatika na kurudi atakachoweza ni kukupigia simu. Halafu kuna programu, hasa za uhasibu na za kamera za ulinzi, ambazo bila dirisha hazisakiniki kabisa.

Ila kabla hujaandika amri yoyote, uliza hiyo deskitopu ni ya kazi gani. Kama mtu anataka tu kuona diski imejaa kiasi gani, kuwasha upya huduma fulani au kusoma kumbukumbu za matukio, mwekee Cockpit. Unaandika `sudo apt install cockpit`, naye anafungua kivinjari kwenye kompyuta yake na kuandika anwani ya seva, poti 9090. Anapata kurasa za kubofya, na seva haibebi madirisha yoyote. Wengi walioniomba deskitopu waliishia hapo wakaridhika.

Ikiwa ni lazima, angalia RAM kwanza kwa `free -h`. Ubuntu wenyewe walipendekeza GB 4 kwa deskitopu ya toleo la 24.04, na hapo seva bado haijaanza kazi iliyonunuliwa kufanya. Mashine ya GB 2 yenye hifadhidata, ukiibebesha GNOME, deskitopu nzito ya Ubuntu, kuna siku RAM itakwisha na kernel, kiini cha mfumo, itaanza kuua michakato ili ijinusuru. Mara nyingi inayouawa ni hifadhidata, maana ndiyo inayokula zaidi.

Kwa hiyo simshauri mtu aandike `sudo apt install ubuntu-desktop`, ingawa ndiyo amri utakayoelekezwa kila kona. Inafanya kazi, sikatai. Lakini inakuja na msafara mzima: huduma ya printa, Avahi inayojitangaza kwenye mtandao, NetworkManager ya kusimamia mtandao, na vingine ambavyo seva haikuviomba. Mimi naweka Xfce, deskitopu nyepesi, tena kwa kubana:

`sudo apt install --no-install-recommends xorg xfce4 xfce4-terminal lightdm lightdm-gtk-greeter dbus-x11`

Hicho kipande cha `--no-install-recommends` ndicho kinachookoa bando. Kabla hujabonyeza Y, apt inakuonyesha itapakua kiasi gani na itachukua nafasi gani kwenye diski. Jaribu amri hiyohiyo bila hicho kipande, jibu n, ulinganishe. Na kama unafanya kazi kwa mbali kupitia SSH, fungua `tmux` kwanza, inayotunza kikao chako ndani ya seva, kwa sababu intaneti ikikata katikati usakinishaji unaendelea, na wewe ukirudi unaukuta pale pale.

Sasa sehemu ambayo maelekezo mengi huiruka. Ubuntu Server tangu iliposakinishwa imepangwa iwake kuelekea `graphical.target`, yaani hali ya madirisha. Andika `systemctl get-default` utaona. Skrini ilikuwa nyeusi kwa sababu tu hapakuwa na cha kuonyesha. Ukishaweka LightDM, ile inayoleta skrini ya kuingilia, kila mashine inapowaka deskitopu nayo inapanda, hata kama hakuna mtu chumbani. Irudishe nyuma kwenye hali ya maandishi:

`sudo systemctl set-default multi-user.target`

Anayetaka madirisha ataandika `sudo systemctl start lightdm`, na akimaliza `sudo systemctl stop lightdm`. Amri hizo mbili zichapishe kwa herufi kubwa, ubandike pembeni ya skrini. Mhasibu hashindwi mistari miwili, na RAM inarudi kwa wenyewe.

Jambo jingine ni usingizi. Deskitopu imetengenezewa mtu anayekaa mbele yake, na isipoguswa muda inaweza kuilaza mashine. Ofisi moja niliyoitwa walikuwa na Debian yenye GNOME, na kila baada ya muda mafaili ya pamoja yalipotea kwa wafanyakazi wote. Walishabadilisha nyaya, wakabadilisha na swichi. Kumbe seva ilikuwa inalala kwenye skrini ya kuingilia, na aliyeigusa kibodi tu aliiamsha, basi kila mtu akaamini tatizo limejitibu. Dawa ni mstari mmoja:

`sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target`

Kuhusu mtandao, kama umeweka deskitopu nzito huenda ukaona ikoni ya NetworkManager inadai waya hausimamiwi. Usihangaike nayo. Waya unasimamiwa na huduma nyingine, systemd-networkd, kupitia faili lililomo `/etc/netplan`, na ndilo lenye anwani ya kudumu ya seva. Anayebadilisha mpangilio huo ili ikoni ipendeze, na yuko mbali kwa SSH, anaweza kujifungia nje.

Seva ikiwa ya kukodi, isiyo na skrini, huna haja ya LightDM. Weka `xrdp` na `xorgxrdp`, zinazokuonyesha deskitopu kwa mbali kwa njia ya RDP, pamoja na Xfce, kisha `echo xfce4-session > ~/.xsession`. Xrdp husikiliza poti 3389, na poti hiyo usiiache wazi kwa dunia. Wajaribu nywila hawakawii kufika. Ruhusu SSH peke yake kwenye `ufw`, ngome ya mtandao ya Ubuntu, halafu upite ndani yake kwa `ssh -L 13389:localhost:3389 jina@seva`, uunganishe RDP kwenye `localhost:13389`. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabisa. Ukifunga dirisha tu, kikao kinabaki kwenye RAM kikikusubiri.

Kwa vyovyote, endesha `sudo ss -tulpn`, inayoorodhesha poti zinazosikiliza, kabla na baada ya kusakinisha. Mstari mpya usioujua, utafute ni wa nani.

Kuondoa nako kunawezekana, na hapo Linux inatupendelea: Windows Server ya 2012 iliruhusu kuongeza na kutoa madirisha, lakini tangu toleo la 2016 ukitaka kubadilisha unasakinisha upya. Kwetu, `/var/log/apt/history.log` (au mafaili ya zamani yaliyobanwa pembeni yake, kama muda umepita) ina orodha ya kila kilichoingia siku ile. Unafuta hivyo kwa `sudo apt purge`, kisha `sudo apt autoremove`. Orodha ya autoremove isome yote kabla ya kukubali. Ukiona jina la kitu ambacho ofisi inakitegemea, jibu n, kishikilie kwa `sudo apt-mark manual` na jina lake, ndipo urudie.