Maswali ya Wasomaji kuhusu Magari: Programu ya Nairobi, Joto la Mombasa

Swali: Mhariri, salamu kutoka Nyali. Nina Subaru WRX STI ya mwaka 2017 iliyoletwa kutoka Japani, yenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 308 kwa mujibu wa kiwanda. Miezi minne iliyopita niliipeleka kwa karakana moja ya Nairobi, ambako ilibadilishiwa bomba lote la moshi kuanzia kwenye tabo (ile pampu inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), ikaandikiwa upya programu ya kompyuta ya injini, kisha ikafungwa kifaa cha kuongezea shinikizo la tabo ambacho huzungushwa kwa mkono. Geji sasa hufika baa 1.5. Kule Nairobi gari lilikuwa likienda bila dosari, lakini tangu niteremke nalo Mombasa, kila ninapokanyaga mafuta kwa nguvu nikipanda Mazeras, husikia mlio mkavu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Rafiki zangu wanasema ni petroli mbaya. Lengo langu ni kufikisha farasi 400. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, anza kwa kuondoa mguu kwenye mafuta. Mlio unaoueleza hutokea pale ambapo sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli, kabla ya kufikiwa na moto uliowashwa na plagi, hujilipukia yenyewe kwa sababu ya joto na mgandamizo. Mafundi wetu hutumia neno kunoki kwa injini iliyokwisha kufa. Kwa hakika kunoki ndiko huku kugonga kunakotangulia kifo hicho, na baina ya hayo mawili huenda pasiwe na zaidi ya safari moja ya kwenda Mariakani na kurudi.

Rafiki zako wameshika nusu ya jambo. Nchini Japani, petroli ya daraja la juu hutakiwa kuwa na oktani, yaani kipimo cha uwezo wake wa kutojilipukia, isiyopungua 96, na aghalabu ile inayouzwa vituoni hukaribia 100. Injini yako, ya ukoo wa EJ20 ulioanza na Subaru Legacy mwaka 1989, ilipangiwa muda wa cheche, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, kwa kutegemea petroli hiyo, na super ya vituo vyetu haifiki huko. Hata STI ambayo haijaguswa na fundi yeyote, mara tu inaposhushwa melini Kilindini na kutiwa petroli ya hapa, kompyuta yake hulazimika kusikiliza sensa ya kugonga na kuuchelewesha muda wa cheche ili injini isijiumize. Hata hivyo, petroli inayouzwa Nairobi hupitia bandari hii hii yetu, kwa hiyo petroli peke yake haiwezi kueleza kwa nini gari lako lilinyamaza kule na kulia hapa.

Kilichobadilika ni hewa. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama baa 0.83, ilhali hapa kisiwani ni baa 1.01. Geji yako haipimi shinikizo lote linaloingia katika injini, bali hupima kile tu kilichozidi hewa ya nje. Na kile kifaa cha mkono nacho, kwa kuwa kinategemea springi ya wesigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha tabo) inayosukumana na hewa ya nje, hakijui kama kiko Ngong au Nyali. Ukijumlisha utaona kwamba baa 1.5 ya Nairobi ni baa 2.33 kamili, na baa 1.5 ya Mombasa ni baa 2.51. Sindano imesimama palepale, lakini shinikizo ndani ya injini limepanda kwa asilimia 8 hivi. Sensa ya hewa huliona ongezeko hilo na kompyuta huongeza petroli, lakini papo hapo huingia katika sehemu za jedwali la muda wa cheche ambazo fundi wa Nairobi hakuzipima, kwa sababu kule juu injini haikuweza kuzifikia. Kazi yake huenda ilikuwa safi kwa Nairobi. Ninachomlaumu ni kutokuuliza gari hulala wapi.

Juu ya hilo kuna joto. Tabo inapokandamiza hewa kwa kiwango hicho, hewa hutoka ikiwa na joto linalozidi nyuzi 120, ndiyo maana ikawekwa intakula ya kuipoza kabla haijaingia katika silinda. Lakini intakula, hata ikiwa ya bei gani, haiwezi kuipoza hewa kupita ubaridi wa upepo unaoipitia, na Februari na Machi upepo wetu wa mchana huwa nyuzi 32 au 33. Zaidi ya hayo, intakula ya STI imelazwa juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti, na hupozwa pale tu gari linapokwenda. Ukikaa nusu saa katika foleni ya daraja la Nyali, injini huichemsha kutoka chini na hakuna upepo wa kuipoza kutoka juu, ikawa ni kikaango. Barabara inapofunguka nawe ukakanyaga mafuta hadi mwisho, mkanyago huo wa kwanza ndio wa hatari kuliko yote ya siku hiyo. Unyevunyevu wa pwani, ambao wengi huusingizia, hauna hatia hapa: mvuke huchukua nafasi ya oksijeni, karibu sehemu 3 katika 100 siku ya fukuto, hivyo hupunguza nguvu kidogo, lakini huizuia injini kugonga badala ya kuichochea.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kulala, ondoa kifaa cha mkono na kulirudisha shinikizo chini ya udhibiti wa kompyuta, kisha uendeshe kwa upole hadi vipimo viishe. Kipimo cha kwanza ni cha mgandamizo wa silinda zote 4, pamoja na kile cha kujaza hewa ili kuona inavujia wapi. Katika injini hizi kugonga huvunja kwanza zile kingo nyembamba za pistoni zilizo baina ya ringi, na dalili zake ni silinda moja kuwa dhaifu kuliko wenzake, oili kupungua bila kuonekana inakovujia, na moshi wa samawati asubuhi. Kipimo cha pili hakihitaji spana. Fundi mwenye programu inayofaa anaweza kusoma, kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, namba ambayo kompyuta ya Subaru hujiwekea kuonyesha kiasi inavyouamini muda wa cheche iliopewa. Gari lenye afya husoma 1. Likisoma chini ya hapo baada ya siku kadhaa za kuendeshwa, kompyuta inakuambia kwamba imesikia kugonga mara nyingi na imepoteza imani. Ningependa kila mwenye gari la tabo aijue namba hiyo kama anavyojua namba ya simu yake.

Vipimo vikitoka salama, fedha zako za kwanza ziende kwenye upoozaji, jambo ambalo najua halina raha ya kusimulia barazani. Rejeta isafishwe, mapezi yaliyoliwa na chumvi ya bahari yakaguliwe, sponji inayoziba baina ya mdomo wa boneti na intakula ibadilishwe ikiwa imelika, na plagi ziwe za daraja moja baridi zaidi. Zile chupa za kuongeza oktani zisikudanganye: nyingi huhesabu kwa pointi, na pointi 10 ni sawa na oktani 1 tu, hivyo chupa inayojivunia pointi 30 imekuongezea oktani 3.

Hapo ndipo programu iandikwe upya, na iandikwe hapa Mombasa, alasiri ya jua kali, injini ikiwa imekwisha kupata joto lake lote. Gari lifungwe sensa pana ya kupima moshi, inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli, kwa kuwa injini inayotembea kwa utulivu huchoma sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, lakini chini ya shinikizo kubwa la tabo huhitaji petroli zaidi, karibu sehemu 11 hadi 11.5 kwa 1, na ziada hiyo husaidia kupoza silinda. Kazi hiyo ifanyiwe juu ya mashine ya kupimia nguvu, si katikati ya malori ya barabara kuu.

Kuhusu farasi 400, maoni yangu hutayapenda. Kufika huko kwa petroli ya vituo vyetu kutakudai tabo kubwa zaidi, injekta, pampu ya petroli, klachi, na kwa busara pistoni imara zaidi, zilizofuliwa kama mhunzi afuavyo chuma; yaani utanunua injini ya pili kwa vipande. Mimi ningesimama kwenye 340. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, kanuni za mashindano zililazimisha tabo ya gari la aina hiyo kupumua kupitia tundu la milimita 34, na nguvu zake zilikuwa karibu farasi 300, chini ya zile ulizonunua wewe yadi. Mwisho, mjulishe mwenye bima wako mabadiliko yote kwa maandishi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye gari, na wakaguzi wao hujua kufungua boneti.

Swali: Mimi ni msomaji wa kike wa Tudor. Nimenunua STI kutoka Japani kwa ajili ya ule mngurumo wa Subaru, nami sijausikia. Je, nimeuziwa gari bovu?

Jibu: Hapana, bibie. Mngurumo huo hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kati ya silinda na tabo, hivyo mapigo ya moshi hufika kwa kupishana. STI za soko la Japani za miaka hii zina tabo yenye njia mbili na mabomba yaliyolinganishwa urefu ili kila njia ipate mapigo yake kwa mpangilio, na kwa hiyo tabo huamka mapema. Ukifunga mabomba yasiyolingana utapata sauti na kupoteza ile faida uliyoilipia, na ukibadilisha kopo la nyuma peke yake utapata kelele tu, ambazo kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele haziziangalii kwa jicho la mapenzi.

Swali: Nimefunga vali ya kupumulia nje, ile inayotoa “pshii” ninapobadilisha gia. Sasa gari hukwama kidogo kila baada ya sauti hiyo na hutoa moshi mweusi. Fundi anasema ni kawaida. Msomaji, Bamburi.

Jibu: Ni kawaida kwa kosa hilo. Katika Subaru yako sensa ya hewa iko kabla ya tabo, kwa hiyo kila hewa inayoingia huwa imekwisha kuhesabiwa na kupangiwa petroli yake. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ya ziada ndani ya bomba, kati ya sensa na tabo. Vali yako huimwaga barabarani, na petroli iliyopangiwa hewa hiyo huingia katika silinda bila mwenzake. Moshi mweusi ndio hiyo petroli. Rudisha ya kiwandani, na kama fundi alikuuzia kwa maelezo kwamba inaongeza nguvu, mwombe akuonyeshe karatasi ya vipimo.

Swali: Nakaa Likoni na huvuka kwa feri kila siku na Forester yangu ya tabo. Maji ya rejeta hupungua, nami huongeza ya kisima kwa kuwa ndiyo niliyo nayo. Je, kuna madhara?

Jibu: Yapo, tena makubwa. Visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na chumvi hula aluminiamu, ambayo ndiyo mwili wa injini yako. Kumbuka pia kwamba maji hayo hayo hupita ndani ya tabo kupoza beringi zake, mahali penye joto kali kuliko pote, na huko ndiko magadi hung'ang'ania kwanza. Mwaga yote, suuza mfumo kwa maji yaliyotoneshwa, kisha ujaze mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji hayo na dawa ya rejeta inayokubaliwa na Subaru, polepole, huku ukitoa mapovu, kwa kuwa injini hizi, ambazo silinda zake zimelazwa, hufungia hewa ndani. Baada ya hapo tafuta yanakopungukia, maana mfumo mzima haupaswi kuomba maji kila wiki. Ukiona mapovu yasiyokwisha ndani ya tangi la ziada wakati injini inanguruma, gasketi za hedi ndizo za kushukiwa kwanza. Unapofika kwenye foleni ya kivuko baada ya mbio, iache injini izunguke dakika moja kabla ya kuizima, na usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, hata kama feri imekwisha kuteremsha mlango na walio nyuma yako wanapiga honi.