Shangazi, nyumbani wanasema maua hayaliwi

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, nakaa Isyonje, mkoani Mbeya, pale njia ya kwenda hifadhi ya Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Tukuyu. Namsaidia baba mdogo kwenye biashara ya viazi: napokea magunia, naandika hesabu, nawalipa wapakiaji. Tangu darasa la sita nina ugonjwa wa maua. Kila msimu wa maua napanda milimani kule Kitulo, nachora, naandika. Nina madaftari matatu yenye maua 61, na mengi nimeyabatiza mwenyewe kwa sababu sijui majina yake. Ndoto yangu ni kuwa mtaalamu wa mimea, au hata mwongoza watalii. Sasa baba mdogo anataka kabla ya Krismasi nihamie Dar es Salaam nikasimamie kibanda chake sokoni, na atanipa fungu kwenye faida. Mama anasema nikubali, maua hayaliwi. Nina akiba ya shilingi 1,900,000. Nawaza niache kazi, ninunue kamera ya maana, nianze maisha yangu. Nisaidie. Halafu Shangazi, ada yangu ya sekondari mama aliipata kwenye chikanda.
Binti wa Isyonje

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa jikoni, na maharage yakaungua. Mara ya pili nilirudi kwa ajili ya ule mstari wa mwisho, ulioutupa baada ya kusema "nisaidie", kama abiria anayeshuka kwenye daladala ndipo akumbuke alichopandia. Nitaufikia.

Kamera usinunue. Wala sina haja ya kuzunguka. Umeandika aya nzima kuhusu maua na hukulalamika hata mara moja kwamba umekosa picha. Unachora. Mtu anayechora ua huhesabu petali, hutazama jani limekaaje kwenye shina, huona nywele zilizoko chini ya jani. Anayepiga picha mara nyingi huondoka na picha tu. Kata kidogo kwenye hiyo akiba: mabuti yasiyopitisha maji, koti la mvua, kioo cha mkononi cha kukuzia, na daftari la nne lenye karatasi ngumu. Zilizobaki ziache zilale. Utazihitaji kwenye ada, nami nitakuambia ada ya nini.

Kuhusu kuacha kazi, acha nikusimulie langu. Nimekulia Iringa, na bibi yangu ndiye aliyenifundisha kusuka vikapu vya milulu. Nilipenda kila kitu: kwenda kukata milulu kwenye majimaji, kuianika, harufu yake ikikauka, hata kugombana na bibi kuhusu rangi. Nilipofika miaka 23 mtu mmoja akaniletea oda ya vikapu 40, vyote saizi moja, rangi moja, miezi miwili. Nikawaita binamu zangu wawili tukasuka usiku na mchana. Mtu yule alilipa vizuri, sina lawama naye. Lakini tangu kikapu cha 40 nilipokifunga, nikiona milulu vidole vilikuwa vinaniuma. Miaka tisa sikusuka hata kipepeo cha mkaa. Leo nasuka tena, viwili au vitatu kwa mwaka, na siuzi. Ukinialika harusini nitakuletea kimoja.

Sikwambii kwamba kipenzi chako kisiwe kazi. Nakwambia hujajua bado kama unaipenda kazi yenyewe. Kuongoza watalii ni kuamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Kitulo, mita 2,600 na kitu juu ya usawa wa bahari, ukamwonyeshe mgeni ua lile lile ulilomwonyesha wa jana, huku yeye akiuliza simba wako wapi. Kuwa mtaalamu wa mimea ni kukausha majani kwenye magazeti na kuandika lebo kwa miezi. Labda utayapenda hayo. Mimi nadhani utayapenda, maana mtu anayeandika hesabu za magunia siku nzima na bado jioni ana hamu ya kuandika ameumbwa hivyo.

Tatizo langu kubwa ni Dar. Binti, unakaa mlangoni pa hifadhi! Watu wanatoka Ulaya kuja kuona kile kinachoanzia nyuma ya ghala lenu. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, jambo ambalo ni nadra sana katika Afrika hii ya wanyama wakubwa. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla wageni hawajafika. Aina za mimea zilizohesabiwa pale ni kama 350, na maua ya jamii ya okidi yanayoota ardhini peke yake ni aina 45. Wewe una 61 kwenye madaftari, kwa hiyo bado una kazi. Na maua yenyewe hayakungoji: yanaanza mvua zinaposhika, Novemba, yanakwisha Aprili. Ukienda kusimamia kibanda Dar kabla ya Krismasi, umekosa msimu huu, na mwakani kibanda kitakuwa na madeni yako, wapangaji wako na mchumba wako. Hapo ndoto haifi. Inakuwa hadithi ya kuwasimulia wateja.

Kwa hiyo mkatalie baba mdogo Dar, lakini usimkatalie viazi. Nenda kwake na mtu mzima mmoja, shangazi yako wa damu kama yupo, na siku hiyo maua usiyataje kabisa. Mwambie hivi: "Baba, hapa Isyonje nikiondoka nani ataangalia lumbesa?" Anajua mwenyewe hela inapotea wapi, ni kwenye gunia linalojazwa mpaka likavishwa kofia halafu likahesabiwa moja. Mwekee hesabu za mwaka mzima mezani. Kisha omba siku mbili kila nusu mwezi ziwe zako, Novemba hadi Aprili. Akikubali, ni zako, na hakuna atakayekuita mzururaji. Akikataa niandikie tena, tutatafuta njia nyingine. Baba wadogo wa milima yenu ya Uporoto nawafahamu, siku ya kwanza hukataa kwa heshima tu.

Siku zako mbili za kwanza usiende kwenye maua. Nenda ofisi za hifadhi kule Matamba, uwe na madaftari yako mkononi, uulize mambo matatu: mwongozaji wa maeneo haya anatakiwa awe na cheti gani, kuna nafasi za kujitolea wakati wa msimu, na nani pale anajua majina ya kitaalamu. Uliza pia habari za Chuo cha Mweka kule Kilimanjaro, ambacho tangu 1963 kinafundisha mambo ya wanyamapori na hifadhi, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Hukunieleza kidato cha nne ulipata nini, hasa biolojia. Hilo ndilo litakaloamua uanze na cheti au uanze na kurudia mtihani, na ndiyo ada niliyosema akiba iisubiri.

Na hayo majina uliyobatiza usiyafute. Kuna okidi ya milima hiyo hiyo ambayo vitabu vya mimea vya dunia nzima vinaiita *Disa ukingensis*, yaani ya Ukinga, nchi ya Wakinga. Na unamkumbuka kipunji? Wawindaji wa Rungwe walimjua yule kima na jina walikuwa nalo. Watafiti wakasikia habari zake kwao mwanzoni mwa 2003, dunia ikatangaziwa 2005, na 2006 akapewa jenasi, yaani ukoo wa kisayansi, yake peke yake, *Rungwecebus*. Walichokosa wale wazee ni daftari. Wewe unalo. Ila nakuomba kitu kimoja: kila ua liandikie tarehe na mahali. Kama daftari la darasa la sita halina tarehe, kaa chini ukumbuke.

Sasa tuje kwenye chikanda. Kwa wasomaji wasiotoka kwetu: ni viazi vidogo vya okidi vinavyochimbwa milimani, vingi vikavushwa Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikashikana kama nyama, vikakatwa vipande. Ukichimba kiazi, umeua mmea. Mbegu ya okidi nayo ni vumbi tupu, haina chakula ndani yake, haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina yake kwenye udongo. Kwa hiyo mlima uliochimbwa haurudi haraka. Ni moja ya sababu Kitulo ikalindwa.

Wewe unajua haya yote, ndiyo maana mstari ule umeuweka mwishoni na hukuuliza swali. Unajiona mtu anayetaka kulinda kitu ambacho sketi yake ya shule ilinunuliwa kwa kukiua. Na mama yako? Mama anayekwambia maua hayaliwi ndiye mtu anayejua kuliko wote nyumbani kwenu kwamba yanaliwa. Aliyachimba kwa mikono yake, kwenye ukungu, akakusomesha. Sidhani anayadharau. Nadhani hataki uyatazame kwa karibu mbele yake.

Basi jioni moja, mkimaliza kula, mchukulie daftari la kwanza. Usianze na Dar wala kamera. Mfungulie ukurasa mmoja mmoja umuulize lipi alilijua, liliota upande gani wa mlima, wao waliliitaje. Mtu aliyechimba miaka kadhaa alilitambua jani kabla ua halijafunguka, jambo ambalo wewe na michoro yako labda hujaliweza bado. Majina atakayokupa yaandike pembeni ya yale uliyobatiza, kwa kalamu ya rangi nyingine. Habari ya ada usimuulize. Akitaka, ataisema akifika ukurasa wake.