Mtumishi asiye na "wa"

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo huku Kimara. Jumamosi tulisoma Wafilipi 2:7. Biblia yangu, ile ya Union Version, inasema Kristo "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa". Jirani yangu alikuja na Habari Njema, yake inasema "akajitwalia hali ya mtumishi". Kijana mmoja akasema mtumwa ni tusi, heri mtumishi. Mwingine akasema kuna mhubiri redioni anayesema Kristo "alijimwaga". Tumebishana mpaka chai imepoa. Kiswahili sahihi ni kipi?*

Marahaba, mama. Nianze na dogo, maana kubwa litanichukua muda.

"Alijimwaga" mwachieni huyo wa redioni. Isaya 53:12 inasema kwamba "alimwaga nafsi yake hata kufa", na hapo kitenzi kimekaa mahali pake: yupo aliyemwaga na kipo kilichomwagwa. Ukikitia "ji" hapa Dar es Salaam umeshatoka kitabuni umeingia ukumbini. Watu hujimwaga kwenye muziki, hujimwaga ufukweni Coco Jumapili jioni. Anayejimwaga amekwenda kustarehe, na neno la starehe halibebi msalaba.

Linaloniuma zaidi ni "alijifanya". Wafasiri wa mwaka 1952 walipoandika hivyo hawakukosea. Kujifanya kulikuwa ni kujiweka katika hali fulani, kujigeuza kuwa hivi au vile. Lugha ikasogea. Leo mtoto wa Mbagala ukimwambia "acha kujifanya" anajua umemwita mwongo. Kwa sikio lake, basi, mstari huu unasema Kristo aliigiza kukosa utukufu, na hilo ndilo fundisho ambalo Kanisa lililikataa tangu karne za mwanzo, la wale waliodai kwamba Yesu alionekana mtu tu bila kuwa mtu. Neno moja zuri limezeeka, na sasa linafundisha kinyume cha lilichotumwa kufundisha. Mnaposoma jumuiyani, simama hapo uwaeleze.

Kigiriki cha Paulo kina kitenzi kilichotoka katika *kenos*, yaani tupu, na ndiko wanateolojia wanakopata "kenosi". Sisi hatuwezi kusema "alijifanya mtupu" kwa sababu utupu kwetu ni uchi. Habari Njema wameandika "aliachilia hayo yote", na inasomeka. Mimi ningesema "alijivua", kwa sababu ya Yohana 13: Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa akajifunga kiunoni. Alivua, akatwaa. Paulo naye anasema alijivua utukufu, akatwaa namna ya mtumwa. Ni mwendo uleule. Na hakuacha kuwa Mungu kwa kufanya hivyo, maana Paulo hatuambii alipoteza nini. Anatuambia alitwaa nini.

Sasa mtumwa na mtumishi.

Yote mawili yamezaliwa na kitenzi "tuma". Mtumwa ni anayetumwa, na kile kiambishi cha kutendwa kinaonekana waziwazi. Mtumishi ametoka katika "tumika", "k" ikageuka "sh" kama ilivyo kwa mpishi aliyetoka katika pika na mwandishi aliyetoka katika andika. Hata mtume ni ndugu yao. Warumi 1:1 inawakutanisha wawili: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Mtu mmoja, mzizi mmoja, na cha kwanza kutajwa ni utumwa.

Kijana wako amesema mtumwa ni tusi. Ana haki ya kushtuka. Pwani hii neno hilo halikuwa sitiari. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868 na wakawa wanawakomboa watu kwa kuwanunua. Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hapohapo Waanglikana wakajenga kanisa kuu, siku za Askofu Edward Steere, aliyekuwa kati ya watu wa kwanza kuandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Aliyelitamka neno "mtumwa" katika mji ule alikuwa amewaona watumwa kwa macho. Lakini Wafilipi nao walikuwa wamewaona. Mji wao ulikuwa koloni la Roma, na Warumi waliuhesabu msalaba kuwa adhabu ya watumwa. Soma mstari wa 8: "mauti ya msalaba". Ukiandika mtumwa, hatua inayofuata ni msalaba na msomaji anaiona inakuja. Ukiandika mtumishi, msalaba unatokea bila sababu, maana ni nani aliyewahi kumsulubisha mtumishi? Kwa hiyo, mama, hapo Biblia yako inashinda. Tusi ambalo kijana amelisikia ndilo Paulo alilotaka lisikike.

Hilo ni jibu lako. Ila umeligusa neno "mtumishi", nami nimelinyamazia neno hilo kwa miaka.

Mwaka jana nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara Tabata. Jua limezama, watoto wana njaa, foleni ya chakula imeshapangwa. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, tusianze kwanza. Mtumishi bado hajahudumiwa."

Niliirudia sentensi hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Mtumishi bado hajahudumiwa. Kila kipande chake ni Kiswahili safi. Ngeli imekubaliana, ukanushi uko sawa, kauli ya kutendwa iko sawa. Hata hivyo sentensi nzima imesimama kichwa chini miguu juu, na watu zaidi ya mia wameisikia bila hata mmoja kugeuza shingo. Hebu ijaribuni kwa maneno mengine. Mpishi bado hajapikiwa. Mlinzi bado hajalindwa. Dereva bado hajaendeshwa. Mngeuliza kuna nini. Kwa mtumishi hatuulizi, kwa kuwa tumeshazoea kwamba mtumishi ndiye anayetumikiwa. Marko 10:45 inasema Mwana wa Adamu "hakuja kutumikiwa, bali kutumika". Vitenzi viwili, mzizi mmoja, tofauti ni viambishi tu, na wokovu wote umekaa katika tofauti hiyo. Sisi tumeifuta kwa kipaza sauti, njaa ikiwa tumboni.

Sijamaliza na sherehe hiyo. Alipofika huyo Mtumishi, akakalishwa meza ya mbele yenye kitambaa cheupe. Akaja binti wa miaka kama kumi na minne, jagi la maji ya uvuguvugu mkono huu, beseni mkono huu, taulo begani. Akainama. Akamnawisha. Akampa taulo ajifute, akaondoka kinyumenyume kwa adabu, kama alivyofunzwa nyumbani. Hakuna aliyemtaja kwenye kipaza sauti. Sasa rudi Yohana 13, hesabu vyombo: maji, bakuli, kitambaa. Vyote vitatu alikuwa navyo yule binti. Kwa Kiswahili, na kwa Injili, mle ukumbini mtumishi alikuwa yeye. Tungeitamka kweli ya sentensi ya mshereheshaji kama tungekumbuka kwamba mpaka tunaondoka saa nne usiku, yule binti na wenzake walikuwa bado hawajala. Watumishi walikuwa bado hawajahudumiwa.

Nisieleweke vibaya. Kumnawisha mgeni na kumpa mchungaji chakula kwanza ni heshima yetu, nami nimelelewa nayo. Mpe. Ila mwite mgeni, mwite mchungaji, mwite baba. Usichukue jina la aliyeinama ukampa aliyeinamiwa.

Ugonjwa wa sarufi uko hapa. Mtumishi ni nomino isiyosimama peke yake. Ni kama mpwa: huwezi kuwa mpwa tu, sharti uwe mpwa wa fulani. Kwa hiyo tangu zamani mtumishi alifuatwa na "wa". Mtumishi wa Mungu. Mtumishi wa madhabahu. Hata ofisini tunasema mtumishi wa umma, na japo umma wenyewe unajua unavyosubiri kwenye dirisha la huduma, angalau "wa" ipo, siku moja unaweza kumkumbusha. Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa toka mwaka 590 hadi 604, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Huyo aliweka "wa" mbili, akajishusha ngazi mbili.

Jijini kwetu "wa" imekatwa. Limebaki "Mtumishi" lenye herufi kubwa, linatangulia jina kama Daktari au Mheshimiwa. Na likishakatwa, angalia linavyohama upande: kiti cha Mtumishi, gari la Mtumishi, walinzi wa Mtumishi, maji ya Mtumishi. Zamani yeye alikuwa wa mtu. Siku hizi vitu na watu ni vya kwake. Amevuka "-a" unganifu, ile "wa", "cha" au "la" ya katikati, kutoka kushoto kwenda kulia, yaani amekwenda kukaa mahali pa bwana wake, nasi tunaendelea kumwita kwa jina la zamani.

Anayesema cheo hiki ni alama ya unyenyekevu namwekea neno jingine mezani. Luka 1:38 katika Biblia yako: "Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana." Mjakazi ni mtumwa wa kike, mwenzake ni mtwana. Katika sala ya Malaika wa Bwana tumelainisha tukasema "Ndimi mtumishi wa Bwana", na silaumu, sala ina mdundo wake. Lakini wahubiri wa kike mjini hapa ni wengi, nao mabango yao huwaita Mtumishi. Sijawahi kuona bango la Mjakazi. Wala la Mtwana. Wala la Mjoli, neno tamu la Mathayo 18 ambalo maana yake ni mtumwa mwenzako. Kama tulikuwa tunatafuta kushuka, ngazi zilikuwepo.

Kanisa Katoliki lina matumizi yake rasmi ya "Mtumishi wa Mungu", na naona ndiyo yenye akili kuliko yote. Ni jina la hatua ya kwanza ya mtu ambaye maisha yake yanachunguzwa ili siku moja atangazwe mtakatifu. Mwalimu Julius Nyerere alifariki mwaka 1999, akaanza kuitwa hivyo mwaka 2005. Kwa kawaida wanangoja angalau miaka mitano baada ya kifo. Akiwa hai, yeye mwenyewe alitosheka na Mwalimu.

Na wapo wanaolitunza neno bila kulivaa. Mama Teresa aliwaleta masista wake Tabora mwaka 1968. Watawa wengi huweka nadhiri tatu: useja, ufukara na utii. Wao wana ya nne, ya kuwatumikia bure na kwa moyo wote walio maskini kuliko maskini wote. Sikilizeni kitenzi: kuwatumikia. Kina "wa" ya mtendwa tumboni mwake, hakikubali kutamkwa bila kumtaja anayetumikiwa. Ukikutana nao wamevaa sari nyeupe zenye mistari ya buluu, unawaita sista, basi, nao wanaitikia.

Najua sitashinda. Kamusi ijayo itaandika "mtumishi: jina la heshima la mhubiri", na mwanakamusi atakuwa ametimiza kazi yake, maana watu ndivyo wanavyosema. Mtu akiniambia "Mtumishi amefika", nitasimama nimsalimie vizuri. Ila sitaiandika bila "wa", na mwanafunzi wangu akiiandika nitamwuliza pembeni kwa kalamu nyekundu: wa nani?

Jumamosi, mama, someni "akatwaa namna ya mtumwa", na yule kijana aliyeshtuka ndiye asome kwa sauti. Na chai ikiwa tayari, safari hii anzeni na aliyeichemsha.