Eleza nyumba, mpangaji atajieleza mwenyewe

Wadogo zangu wa udalali, juzi nimeona tangazo la mmoja wenu: "Chumba masta, sebule, jiko, luku yako. Wanandoa tu, wastaarabu, wasio na watoto." Limeniuma, maana niliwahi kuandika hivyo hivyo.

1. Andika vyumba, maji, kodi ya miezi mingapi, ngazi ngapi mpaka mlangoni. Mwenye mguu mbovu ataamua mwenyewe kuhusu ngazi, usimwamulie.

2. Usinakili tangazo la zamani. Nilikuwa na nyumba Sinza. Nikachukua tangazo la mwezi uliopita, nikabadilisha picha na bei, "wanandoa tu" ikabaki. Akaja dada mmoja nesi, katoka zamu ya usiku, mtoto kalala mgongoni. Nyumba akaipenda. Akafungua bomba la jikoni, akalifunga, akalifungua tena. Nikamuuliza, "Shemeji atakuja kuiona lini?" Akasema amemzika mwezi Machi. Nikamwambia pole dada, lakini ndiyo masharti ya mwenye nyumba. Hela ya miezi sita alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, tayari ameanza kulifungua. Akalikaza fundo, akaaga vizuri tu, akaondoka.

Jioni nikampigia mama mwenye nyumba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikwambia kodi ya miezi sita na wasipikie kuni ndani. Hayo ya wanandoa nilikwambia lini?" Na namba ya yule dada sikuwa nimeichukua.

3. Neno laini nalo hufunga mlango. Mji wetu huu wa Dar es Salaam ulipangwa hivyo. Waingereza waliitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, jumuiya ya nchi iliyokuwa ikiwasimamia wasibague waziwazi, kwa hiyo kanuni zao za ujenzi hazikusema "Wazungu tu". Zilisema eneo la nyumba za aina ya Kizungu, basi. Aina ya nyumba ikafanya kazi ya rangi ya ngozi: Wazungu Oysterbay, Wahindi Uhindini, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati kuwatenga. Ukiandika "wastaarabu tu", nani asiyejua unamfukuza nani?

4. Mwenye nyumba akisema hataki kabila fulani au dini fulani, mkatalie pale pale, kwa heshima. Nimenyang'anywa nyumba mbili kwa hilo na sijajuta.

5. Namba ya mteja ichukueni getini, kabla hamjamwonyesha hata chumba kimoja.