Pointi sita wamerudi nyumbani, pointi tatu wamo nusu fainali

Mzee Filimbi, mwalimu wa michezo mstaafu na refa wa zamani wa mechi za shule mashariki mwa Uganda, anajibu barua za wasomaji.

SWALI: Mzee Filimbi, salamu kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya kutwa. Muhula huu tulicheza mashindano ya kutafuta timu za kwenda ngazi ya kanda. Shule zilikuwa 11, makundi matatu: mawili ya timu nne na moja la timu tatu. Vinara watatu wanaingia nusu fainali pamoja na besti luza mmoja, yaani wa pili aliye bora kuliko wa pili wenzake. Vijana wangu waliifunga timu ya mkiani 4–0, wakaifunga ya tatu 1–0, mechi ya mwisho wakafungwa 1–0 na kinara. Pointi sita. Wa pili wa kundi jingine la timu nne alikuwa na pointi nne, tatu kati ya hizo za kumfunga wa mkiani. Wa pili wa kundi la timu tatu alishinda 2–0, akafungwa 1–0: pointi tatu. Jioni kamati ikatangaza kwamba huyo wa kundi la timu tatu ndiye amepita, eti ile 4–0 yetu haihesabiwi. Kwenye kikao cha walimu kabla ya mashindano hakuna aliyeitaja sheria hiyo, na mimi nilikuwa nimepumzisha wachezaji wawili dhidi ya kinara nikijua sita zinatosha. Nilipolalamika nikaambiwa nikajifunze hesabu. Hii ni haki?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Aliyekutuma ukajifunze hesabu alikosa adabu, ila hesabu yenyewe hakuikosea.

Wewe ulicheza mechi tatu, mwenzako mbili. Wewe ulikuwa na pointi tisa za kugombania, yeye sita. Huwezi kumpima aliyepeleka magunia matatu ya mahindi sokoni na aliyepeleka mawili, halafu ukamsifu wa kwanza kwa kurudi na pesa nyingi. Ndiyo maana makundi yasipolingana, matokeo dhidi ya timu ya mkiani katika makundi makubwa hufutwa. Ukifuta 4–0 yako unabaki na pointi tatu, goli moja la kufunga na moja la kufungwa. Yule wa pointi nne anabaki na moja. Wa kundi la timu tatu ana tatu zake, magoli mawili kwa moja. Amekuzidi kwa goli moja.

Kanuni hii Afrika nzima imeishi nayo juzi tu. Eritrea ilipojitoa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2026, kundi lake lilibaki na timu tano huku mengine yakiwa na sita. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walipowatafuta washindi wa pili wanne bora wa kwenda kwenye mchujo kule Morocco, matokeo dhidi ya timu zilizoshika nafasi ya sita yalifutwa. Na sisi Waganda tusizitupie mawe hesabu za namna hii. Tarehe 4 Septemba 2016, Farouk Miya alipoifunga Comoros pale uwanja wa Namboole, hatukumaliza vinara. Tulifungana pointi 13 na Burkina Faso, wao wakatangulia kwa matokeo ya sisi kwa sisi, nasi tukaenda Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2017 kama mmoja wa washindi wa pili wawili bora, mara ya kwanza tangu 1978. Nililia siku hiyo, sioni aibu kusema. Katika mashindano hayo hayo Chad ilijitoa kwenye kundi lenye Misri, Nigeria na Tanzania, na wa pili wa kundi hilo akaondolewa kabisa kwenye hesabu ya washindi wa pili. Nigeria ikabaki nyumbani.

Sasa nije kwenye maneno uliyoyaweka katikati ya barua kama mtu anayeficha jeraha: hakuna aliyeitaja sheria hiyo kabla. Hapo, Mwalimu, ndipo ulipoonewa. Kanuni ya kufuta si ya wizi, lakini ukiitoa mfukoni baada ya filimbi ya mwisho inageuka wizi hata kama hukukusudia kuiba. Tazama ilivyokugharimu. Kwa sheria uliyodhani ipo, mechi ya kinara ilikuwa ya kupumzisha watu. Kwa sheria iliyotumika, sare tu dhidi ya kinara ingekupa pointi nne na ungepita. Yale magoli manne dhidi ya wa mkiani, vijana walivyoyashangilia, yalikuwa hewa, na goli moja zaidi dhidi ya timu ya tatu lingekuwa na thamani kuliko yote manne. Mlicheza mchezo mmoja, kamati ikahesabu mwingine.

Linganisha na Afrika Kusini. Tarehe 8 Oktoba 2011, katika mechi za kufuzu AFCON 2012, nilikuwa Namboole, tukitoka 0–0 na Kenya huku Angola ikitupita kwa pointi moja, kwa hiyo nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Redioni nikasikia kwamba Nelspruit, siku hiyo hiyo, Afrika Kusini walitoka 0–0 na Sierra Leone, wakazunguka uwanja wakicheza ngoma kwamba wamefuzu. Walikuwa na pointi tisa, Niger tisa, Sierra Leone tisa, na wao ndio waliokuwa na tofauti nzuri ya magoli. Lakini sheria ya CAF ilitanguliza matokeo ya wenyewe kwa wenyewe, na Niger ndiyo iliyokwenda. Wale siwahurumii sana. Sheria ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, hawakuisoma. Wewe hukuwa na cha kusoma.

Nikiri na langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa mashindano kama hayo, kanuni nilizikariri kichwani, nikatangaza timu moja kuwa imepita. Nilipokaa kunywa chai nikagundua nimekosea kujumlisha. Walioshinda kwa hesabu sahihi walikuwa wameshapanda lori na kuondoka. Nilipanda bodaboda kuwafuata, nikawakuta wameshuka, wengine wameshavua jezi wakiwa wanachota maji. Mwalimu wao hakunisemesha mwaka mzima.

Kwa hiyo usikate rufaa kwa mdomo. Iandike, ipitie kwa mwalimu mkuu, na usibishie hesabu, maana utashindwa. Bishia tarehe: kanuni ilitolewa lini, kwa karatasi gani, nani aliipokea. Na mwakani, mkiwa tena 11, mtu atapendekeza makundi mawili, la sita na la tano, wawili wa juu kila kundi wapite. Ni haki zaidi, lakini hizo ni mechi 25 za makundi badala ya 15, na mwenye kulipia posho na maharage ya siku za ziada simwoni. Mimi ningebaki na makundi matatu, kisha asubuhi yake wa pili wa kundi la timu tatu akacheza mchujo na wa pili bora wa makundi ya timu nne, dakika 20 kwa 20. Miguu ikiamua, hakuna wa kuambiwa akajifunze hesabu.

SWALI: Mzee, niko S4, kidato cha nne, huku Arua na nacheza beki. Tulimaliza mechi zetu asubuhi. Jioni timu mbili za kundi letu zikakutana zikijua 1–0 inawapitisha wote wawili. Goli likaingia mapema, baada ya hapo wakapasiana mpira nyuma mpaka watu wakazomea. Tulitolewa. Kuna sheria ya kuwaadhibu?

JIBU: Mwanangu, hayo yaliyokupata yaliwapata Algeria. Kombe la Dunia la 1982, Hispania. Algeria waliwafunga Wajerumani wa Magharibi 2–1, wakamaliza mechi zao tarehe 24 Juni. Kesho yake, mjini Gijón, Wajerumani na Waaustria wakaingia wakijua kwamba Ujerumani ikishinda kwa goli moja au mawili wote wanapita. Mjerumani Hrubesch akafunga mapema, yaliyofuata ni kama uliyoyaona Arua. Algeria walilalamika, FIFA haikubadilisha matokeo, maana ni vigumu kuthibitisha kwamba mtu amekataa kufunga. Kilichobadilika ni ratiba: tangu 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Mtaniambia shule ina kiwanja kimoja. Kweli, lakini mara nyingi kuna shule ya msingi ng'ambo ya barabara, na nyasi zake si mbaya kuliko zenu. Mechi za mwisho mbili zikichezwa moja huko na moja hapa, saa ile ile, mambo yamekwisha. Kundi la timu tatu ndilo halina dawa: siku ya mwisho lazima mmoja akae pembeni akitazama wenzake. FIFA nao walipanga makundi 16 ya timu tatu kwa Kombe la Dunia la 2026, wakayaacha kwenye kikao chao cha Kigali, Machi 2023, wakarudi kwenye timu nne nne.

SWALI: Mzee Filimbi, nauza mitumba Busia na mwanangu ni golikipa. Timu yao na nyingine zilifungana kila kitu, refa akarusha sarafu. Wakashindwa. Mambo ya sarafu kweli ni mpira?

JIBU: Mama, ni mpira, ila wa mwisho kabisa. Tarehe 5 Juni 1968, mjini Naples, Italia na Umoja wa Kisovieti walitoka 0–0 katika nusu fainali ya Ulaya hata baada ya muda wa nyongeza, na sarafu ikaipeleka Italia fainali. Wakachukua kombe. Siku hizi kabla ya bahati nasibu huhesabiwa kadi: kwenye Kombe la Dunia la 2018 Japani na Senegal walilingana pointi, magoli na hata mechi yao wenyewe, 2–2. Senegal wakatolewa kwa kadi sita za njano dhidi ya nne. Muulize refa kama alihesabu kadi kwanza. Kama alihesabu nazo zikalingana, basi sarafu ilikuwa halali, mradi ilirushwa mbele ya manahodha wote wawili. Mimi nilikuwa natumia ya shilingi 500. Ina korongo upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, hata nahodha mwenye machozi machoni anaiona.