Nikifa, punda wangu na paka wangu nimwachie nani?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane wa miaka 71, naishi Kondoa, na sukari imeanza kunila macho. Nina punda jike aliyenibebea maji miaka 19, na paka watatu. Wanangu wote wako mbali. Nilipowauliza habari za wanyama hawa, mmoja alisema nikifa punda atauzwa kwa wanunuzi wa ngozi, mwingine akasema ataachiwa porini ajitafutie. Nataka kuwaachia fedha wanyama wangu. Je, dini inaruhusu, au nitakuwa nimewadhulumu wanangu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu. Nakuombea afya na nuru ya macho.

Huenda wapo watakaokwambia kuwa kumfikiria punda katika wasia ni dalili ya uzee. Usiwasikilize. Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Answari, yaani watu wa Madina waliompokea, ngamia alipomwona akatoa sauti ya huzuni na machozi yakamtoka. Mtume akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia akamwambia: humwogopi Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyu aliyekumilikisha? Amenishtakia kwamba unamtia njaa na kumchosha. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Basi aliyekubebea maji kwa miaka 19 ana haki juu yako, na wewe umeiona haki hiyo kabla hujaulizwa.

Sasa fedha, maana hapo ndipo penye utelezi. Mnyama hamiliki mali. Imamu Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunamtegemea, ameeleza katika kitabu chake Minhaj kwamba mtu akimwusia mnyama mali kwa kukusudia kummilikisha, wasia huo ni batili. Lakini akisema mali hiyo itumike kwa malisho yake, wasia unasihi, yaani ni sahihi. Kwa hiyo usiandike “namwachia punda wangu laki tano”. Andika “laki tano zitumike kumlisha na kumtibu punda wangu”.

Hata hivyo, hilo peke yake halitoshi kwa hali yako. Ukishafariki, punda naye ni mirathi kama kiti na jembe. Anakuwa mali ya wanao. Fedha za kulisha punda wao ni kama umewapa wao, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna wasia kwa mrithi, kwa hiyo warithi wenzake wasiporidhia utazuka ugomvi. Njia iliyo salama ni kumwusia punda mwenyewe mtu asiye mrithi wako, pamoja na fedha za malisho. Jirani, mjukuu asiyerithi, au kijana anayemjua punda huyo. Vyote viwili vihesabiwe ndani ya theluthi ya mali yako baada ya kutolewa gharama za mazishi na madeni. Kama kinachobaki ni milioni sita, mwisho wako ni milioni mbili. Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alitaka kutoa zaidi ya hapo, Mtume (s.a.w.) akamwambia: theluthi, na theluthi ni nyingi. Ukibaki chini ya mpaka huo hujamdhulumu mtoto yeyote.

Mtu huyo mtafute kabla ya fedha, na umwulize uso kwa uso, kwa sababu wasia hauthibiti mpaka aukubali baada ya kifo chako. Akikataa, punda anarudi kwa warithi na tumerudi tulikoanzia. Taja na wa pili.

Mimi nimekulia Bahi, nyumba yenye punda. Mwezi wa kumi, mvua bado na majani yamekwisha kabisa, marehemu baba alipanda kichanjani kushusha mabua ya mtama, akayakatakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, akayachanganya na pumba zilizoloweshwa. Punda wetu alikuwa mzee, magego yamekwisha, bua zima alilitafuna akalitema. Asiyejua hilo angemtupia mzigo mzima wa mabua na punda angekufa njaa mbele ya chakula. Kwa hiyo kwenye wasia wako andika na hayo: anakula nini, kidonda cha shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, kiko upande gani, anaogopa nini.

Huyu mwanao anayesema aachiwe porini, msomee hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Atasema, “Mimi simfungi, namwachia.” Lakini kumwachia kulikotajwa ni kule ambako mnyama anapata chakula. Paka mzima atawinda panya. Punda kikongwe anayetupwa nyika za Kondoa wakati wa kiangazi anaachiwa fisi. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ya nchi yetu haimwachii mwenye mnyama afanye apendavyo.

Na huyo wa ngozi, mama, ndiye aliyeniumiza. Nyama ya punda wa kufugwa iliharamishwa siku ya vita vya Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, na wanavyuoni wa madhehebu yetu hawaruhusu kumchinja mnyama asiyeliwa ili kupata ngozi tu. Februari 2024 nchi za Umoja wa Afrika nazo ziliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara hiyo. Mwambie kwa upole. Pengine hajui.

Paka ni wepesi zaidi. Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wape watu unaowajua ukiwa hai, mmoja mmoja, wazoee nyumba mpya.

Na kwa hakika hata punda unaweza kumtoa leo. Ukimkabidhi mtu mkononi ungali na afya yako, hiyo ni hiba. Imetoka katika mali yako na haihesabiwi kwenye theluthi. Lakini kama bado unamhitaji kwa maji, baki na wasia. Mtume (s.a.w.) hakupenda Mwislamu mwenye cha kuusia alale usiku mara mbili bila wasia wake kuandikwa. Uandike mbele ya mashahidi wawili waadilifu, mteue wasii atakayetoa fedha za malisho kidogo kidogo, na useme zitakazobaki punda akifa ziende wapi. Nakala moja waweza kuihifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wausome wanao wote ungali hai, wasije kuusikia mara ya kwanza matangani.

Na huyo kijana utakayemchagua, mwambie aanze kuja Jumamosi hii. Amfunge shogi mwenyewe, waende kisimani pamoja, nawe ukae kivulini usikilize punda anavyomwitikia. Wallahu aalam.