Maswali na majibu: Chuma cha damu iliyozeeka huenda wapi?

Swali: Seli nyekundu za damu zikifa, chuma chake hutoka na haja kubwa?

Hakitoki, mwili ni bahili mno kwa chuma. Seli nyekundu huishi siku zipatazo 120. Ikichakaa humezwa na makrofaji, seli walaji zilizojaa kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa. Humo himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, huvunjwavunjwa, na kimeng'enya kimoja hukichomoa chuma kutoka kwenye himu, sehemu yake inayoshika chuma. Kisha chuma hupitia protini iitwayo feropotini, mlango wake wa kutokea kwenye seli, hudakwa na transferini, protini ya kukibeba kwenye damu, na kurudishwa ubohoni kuunda seli mpya. Kinachoishia chooni ni masalia ya himu: bilirubini ya manjano, ambayo bakteria wa utumbo huigeuza ikaipa haja rangi ya kahawia.

Swali: Chakula kinachangia kiasi gani?

Kidogo kuliko wengi wanavyodhani: miligramu 1 au 2 kwa siku. Uboho unahitaji 20 hadi 25, na karibu zote hutoka kwenye seli zilizokufa.

Swali: Je, seli ikipasukia ndani ya mshipa?

Protini mbili za damu hufanya kazi: haptoglobini huikamata himoglobini iliyomwagika, himopeksini hukamata himu, na ini hupokea sehemu kubwa. Zikipasuka nyingi kwa mkupuo, haptoglobini huisha na mkojo hubadilika ukawa mweusi.

Swali: Nina baridi yabisi. Vipimo vinaonyesha akiba ya chuma ipo, ila damu ni pungufu. Yawezekanaje?

Yawezekana sana, na swali lako ndilo tamu kuliko yote. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huiondoa feropotini kwenye seli. Uvimbe wa muda mrefu, kama wa baridi yabisi, huipandisha hepsidini, basi makrofaji hubaki na chuma tele ndani yake huku uboho ukikikosa. Kwenye maambukizi hilo lina faida, maana bakteria nao hukitafuta chuma. Kwako ni hasara tupu. Vidonge vya chuma navyo huweza kugonga mwamba, kwa kuwa seli za utumbo hutumia feropotini hiyohiyo. Mara nyingi dawa ya kweli ni kuutuliza ugonjwa wenyewe, hivyo usijiongezee vidonge bila daktari.

Swali: Anayeongezewa damu kila mara, chuma cha ziada hukitoaje?

Hakitoi. Kila chupa ya damu huleta miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia maalumu ya kukitoa nje. Hurundikana kwenye ini na moyo, ndiyo maana wagonjwa hao hupewa dawa za kukinasa na kukitoa.